Nyumba Isiyo na Uani

Ramani ya nyumba yetu ya Kibiti niliichora mwenyewe. Sikusomea kazi hiyo. Nilisoma vitabu vya kuazima, nikatazama picha kwenye simu, nikafunga kitambaa juu ya mti kiwanjani na kukiangalia msimu mzima ili niujue upepo. Nilijifunza kwamba madirisha yakitazamana hewa hupita, kwamba ukuta wa magharibi unataka kivuli, na kwamba sebule na jiko vikiwa chumba kimoja, mwangaza huongezeka na watu wa nyumbani huonana. Basi nikavifanya kimoja. Nyuma nilitandaza vitofali vya saruji na kupanga vyungu vya maua.

Tulipokwisha kuhamia, nilimleta mama yangu kutoka Umwe. Goti lake lilikuwa limeharibika, na mganga wa zahanati alikuwa amemkataza kupanda ngazi. Lakini kila mwaka mpunga ukianza kuzaa, Mama huhamia bondeni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu kinachopandwa kwa ngazi. Mdogo wangu analima hukohuko, ila Mama hamwamini na ndege. Nilitaka akae kwetu asiipande tena ngazi ile. Alikubali kujaribu tu.

Nikaona kwamba kila wageni wangu wanapokuja, Mama huingia chumbani na hatoki mpaka waage. Nilidhani ni goti.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unajifungia?"

"Sasa nipite wapi, baba? Nikitaka maji nikatize katikati ya wanaume? Nyumba yako nzuri, lakini haina uani. Nimekaa humu kama mzigo unaosubiri boti bandarini Nyamisati."

Mke wangu alikuwa jikoni anakata bamia, yaani hatua chache kutoka tulipokaa. Akacheka. "Mwambie, Mama. Mimi nikisema naambiwa nitazoea."

"Si uani upo pale nyuma?" nikauliza.

"Pale?" Mama akanigeukia. "Vile vitofali jua likipiga vinaunguza nyayo. Umemwona wapi mtu akisuka ukili wa mkeka juu ya kikaango? Mwezi ukiandama narudi bondeni."

Nilirudi kwenye ramani yangu. Mahali pale nilikuwa nimeandika "nyuma". Uani ni kitu kingine: una mlango wake, kivuli chake na watu wake, na mwanamke hufika huko bila kuonwa na mgeni wa sebuleni.

Nilianza upya. Nilijenga ukuta kati ya sebule na jiko, nikaacha nafasi wazi juu ili upepo uendelee kupita. Nilitoboa mlango kutoka chumba cha Mama kwenda nyuma. Vitofali niliving'oa, nikazungushia ua wa makuti, nikayaelekeza maji ya kuoshea vyombo kwenye migomba na mchaichai. Mwisho, chini ya mkorosho, nikajenga dungu kwa boriti za mikoko. Kimo chake hakipiti goti, na kipandio chake ni kimoja, kipana.

Mama alilizunguka akiliangalia. "Dungu gani hili? Hata kuku anapanda!"

"Ndiyo maana yake, Mama."

Jioni nilimkuta amekaa juu yake, miguu ameinyoosha, ukili mapajani.

Siku mwezi ulipoandama sikumuuliza kitu. Nilikuwa na wageni sebuleni, nikasikia sauti ya jirani yetu, bibi wa nyumba ya pili, ikitokea kule kwenye makuti: "Hodi uani!"

"Karibu, mwenzangu," Mama akaitika. "Karibu uani kwangu."

Wageni walipoondoka nilimfuata. Hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Mpigie simu mdogo wako. Mwambie mwaka huu aamie ndege mwenyewe. Mimi nina mkeka wa kumaliza."

Alisema mwaka huu tu, hakusema siku zote. Nililisikia neno hilo, nikampigia mdogo wangu palepale, kisha nikaenda kuitazama migomba.