Ujazo wa Silinda Nne

Nimefundisha hisabati Handeni miaka ishirini na miwili, na sina kawaida ya kumshutumu mtu bila ushahidi. Ushahidi wangu ulikuwa mlima wa Lutindi, njia ya kwenda kwa dada yangu. Gari langu lilikuwa limekaa siku nne kwa fundi wa Kwamndolwa likitengenezwa rejeta. Nilipolichukua, likapanda ule mlima polepole kiasi kwamba mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita, akanisalimia, akaendelea na safari yake.

Nikashuka moja kwa moja hadi gereji, nimefura. Nikamwambia fundi, watu wote wakisikia, kwamba amechomoa injini yangu akanipachikia ndogo. Mama lishe wa jirani wakaacha kusonga ugali. Namba ya injini ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo fundi hakuwa na cha kunionyesha.

"Mwalimu," akasema, "mimi nakula kwa jina langu. Nitaifungua upime mwenyewe. Ila jibu utalisoma hapahapa, mbele ya hawahawa."

Akaifungua mpaka pistoni zikaonekana. Nikapima upana wa tundu la silinda: sentimita 7.5. Akazungusha injini, pistoni ikashuka kutoka juu kabisa hadi chini: 8.47. Silinda ziko nne. Kadi ya gari inasema ujazo wa injini ni cc 1496. Nikazidisha kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda, nikapata 5984.

Fundi akaitazama karatasi. "Hii ya lori, Mwalimu. Kwa hiyo nimekuibia nikakuongezea?"

Nilikuwa nimetumia kipenyo badala ya nusu yake. Kosa hilo kwenye madaftari ya watoto hulizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni, "Uwe makini." Nikarudia hesabu. 1496. Nikatafuta kosa jingine kwa bidii sana, halikuwepo.

Fundi alikuwa amekwisha kuchomoa chujio la hewa. Akaligonga kwenye tairi, likatoka vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha. Gari lilikuwa linakosa pumzi.

"Hili sikulikagua," akasema. "Hapo nilikosea." Nilimshukuru moyoni kwa kuniachia angalau hilo.

Nikasimama mbele ya mama lishe na wateja wao. "Elfu moja mia nne tisini na sita," nikasoma, kwa ufasaha, kisha nikaanza kukunja karatasi.

Hakuna aliyeshtuka. Mama lishe mmoja, mwiko mkononi, akaniuliza, "Sasa Mwalimu, kaiba au hajaiba?"

Fundi alikuwa anafuta mikono kwa tambara, hanitazami.

"Hajaiba," nikasema. "Nimemsingizia."

"Wa kule nyuma hawajasikia," fundi akasema.

Nikarudia.