Silinda Ikizungushwa Polepole

Baqir Anverali ana miaka sitini na mitatu, na kwa siku nzima alikuwa akiongea Kiswahili dakika nne. Msidhani natia chumvi. Dakika nne, saa moja kasorobo asubuhi, kwenye kidirisha cha karakana yake, katika kampuni ya kusafirisha fedha za mabenki upande wa Richmond Hill, kaskazini ya Toronto. Yeye ndiye fundi wa bastola. Walinzi wa magari ya chuma huja kuchukua silaha kwake asubuhi na kuzirudisha jioni, na wengi wao humsalimu kwa Kiingereza wakiwa wamekwisha geuza mgongo.

Asiyegeuza mgongo alikuwa Ngugi, mtu wa Nakuru, baba wa watoto wawili, mkazi wa mtaa wa Jane and Finch. Huyo alikuwa akiegemeza viwiko dirishani na kusema, "Shikamoo, mzee." Hiyo shikamoo yenyewe alifundishwa na Baqir, tena kwa kukaripiwa.

"Marahaba. Kiswahili kiliugulia kwenu," mzee alikuwa akimtania. "Mimi nakiuguza tu."

"Basi kipe dawa upesi, mzee, gari linaniacha."

Nyumbani Crescent Town, ghorofa ya kumi na tisa, hakuna wa kumtania. Mkewe Batool alifariki miaka mitano iliyopita. Binti yake Farheen yuko Calgary, hupiga simu kila Jumapili. Baba anauliza kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiingereza, na chai haijapoa simu imekwisha. Alhamisi huenda msikitini, anakula sinia moja na watu, wanaongea bei za nyumba, anarudi. Upweke ulimuuma kama jino, na hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani?

Basi, mwezi wa pili zikaja bastola mpya kumi na mbili, zile za silinda yenye matundu sita, zinang'aa kwa mafuta, na karatasi ya kiwandani inaapa kwamba zote zimekaguliwa. Zilinunuliwa kwa ajili ya njia mpya ya magari ya fedha iliyokuwa ianze Jumatatu. Njia ya zamani ilikuwa inafungwa Ijumaa, na bastola zake kuukuu zinapelekwa kuyeyushwa. Ngugi, aliyekuwa wa mkataba, miaka mitatu amekalia kuti kavu, aliahidiwa ajira ya kudumu kwenye njia hiyo mpya.

Baqir akazikagua kwa namna yake. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa vyerehani Tanga, na alimfundisha kazi kwa makofi na kanuni moja: chombo kipya usikijaribu kwa kasi, kasi inafunika aibu. Cherehani kikienda mbio kila kitu hupita. Zungusha gurudumu kwa kidole, polepole, ndipo utajua kinakwama wapi. Kwa hiyo Baqir huvuta nyundo ya bastola kwa dole gumba, taratibu mno, macho kwenye silinda. Tundu lazima lilingane na mtutu, na silinda ijifunge, kabla nyundo haijafika mwisho. Isipojifunga, risasi hukwangua mdomo wa mtutu na vipande vyake humrukia mpigaji usoni.

Karatasi ile ya kiwandani ilikuwa ya kufungia karanga. Tatu zilikuwa na skrubu zilizolegea, akazikaza. Mbili zilikuwa na chenga za chuma ndani, mtu alikata chuma akaona uvivu kupangusa. Akasafisha. Ya kumi na mbili, matundu matano yalijifunga vizuri. La sita likabaki nyuma kwa unene wa ukucha. Akairudia mara kumi, na mara kumi likabaki. Hiyo haitengenezwi karakanani. Inarudishwa kiwandani, na kiwandani ni miezi mitatu.

Meneja wake anaitwa Shamil, Muismaili ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, mwenyewe kazaliwa Toronto, Kiswahili anakisikia chote lakini mdomoni hakitoki. Aliichukua ile bastola tupu, akavuta triga mbiombio mara sita. Ikajifunga mara sita. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni nzima.

"Vuta polepole," Baqir akasema.

Shamil akajibu kwamba majambazi hawamsubiri mtu avute polepole.

"Na kidole kikiganda kwa baridi? Mkono ukitetemeka ndani ya glavu?"

Shamil akairudisha bastola mezani. Kisha akasema bila kumtazama: bastola kumi na moja, walinzi kumi na mmoja, na wa mwisho kwenye orodha ya kuajiriwa ni Ngugi. Sahihi ni yako, anko. Akaenda kunywa kahawa yake. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Jioni ile Baqir alipanda basi akapitiliza kituo chake. Tundu moja kati ya sita! Na Ngugi kwa miaka mitatu hajaitoa bastola kiunoni hata mara moja. Tusidanganyane, mzee hakuwa anafikiria ajira ya Ngugi peke yake. Alikuwa anazifikiria dakika zake nne, na aliona haya.

Ijumaa akaandika daftarini: imekataliwa. Akasaini. Kisha akamngoja Ngugi, kwa sababu habari kama hiyo mtu huileta mwenyewe. Akamweleza yote, akampa ile bastola. Ngugi akavuta nyundo polepole. Akairudia.

"Naiona," akasema. "Lakini ungeniuliza, mzee. Hii nisingeitoa hata siku moja. Watoto ningewalisha kila siku."

"Ningekuuliza ungesema nipitishe."

"Ningesema."

"Nami ningepitisha," Baqir akasema.

Ngugi akaiweka bastola mezani, mpini kwa mzee, kama alivyofundishwa, akaondoka bila kuaga.

Bastola ilirudi mwezi wa tano. Baqir akaizungusha polepole, matundu sita yote yakajifunga. Siku hiyohiyo akampigia Ngugi. Simu ikapokelewa na mtoto, akasema kwa Kiingereza kwamba baba yuko kazini, ghalani, Brampton. Baqir aliuliza kwa Kiswahili kama hawajambo. Mtoto akasema baba atapiga. Hajapiga mpaka leo.

Ile bastola akapewa mlinzi mpya, Mreno mpole. Asubuhi yake ya kwanza, saa moja kasorobo, aliegemeza viwiko dirishani na kungoja. Baqir alikuwa ameinamia daftari. Akaviona vile viwiko tu.

"Marahaba," akasema.

Mreno akauliza amesema nini. Baqir akainua kichwa, akamtazama, akasema si kitu, akamsogezea daftari asaini.