Gauni la Njano

Fundi wa magauni alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni anapofanya kazi. Ukimpigia soga, alikujibu kwa pua: "mm" ni ndiyo, "mm-mm" ni hapana. Pini hizo zilimwepusha na maneno mengi, na kwa miaka mingi zilimfichia wivu wake.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya dada yake mkubwa. Walipokuwa wasichana, mji wao mdogo ulikuwa ukingoni mwa mpaka, na ukumbi wa dansi ulikuwa ng'ambo. Dada alivuka kila Jumamosi. Mdogo alibaki akishona magauni ya kuvukia. Saa ya kufunga mpaka ikikaribia, askari aligonga kwa jiwe kile chuma cha kizuizi, na bendi ikapiga wimbo mmoja wa mwisho kabla hakijashushwa. Vijana waliita "kucheza chuma". Uliyecheza naye chuma ndiye aliyekusindikiza hadi kizuizini, na wenye macho waliona.

Sasa dada alikuwa amekuja kwa ajili ya harusi ya mjukuu wa fundi. Alasiri hiyo bibi harusi mtarajiwa alisimama juu ya kigoda katika chumba cha cherehani, fundi amepiga magoti akipanga pindo. Kwenye viti vya wateja waliketi dada na mume wa fundi, mzee mtengeneza saa aliyezaliwa ng'ambo, wakikumbushana ujana.

"Shemeji, unamkumbuka Mashavu, mpiga tarumbeta?" dada aliuliza.

"Nitamsahau vipi? Akipuliza, vifungo vya shati vinaruka."

Walicheka hadi dada akafuta machozi. Fundi hakucheka. Yeye Mashavu alimjua kwa vile vifungo tu, maana ndiye aliyevishona upya.

"Bibi, na wewe ulikuwa unaenda?" mjukuu aliuliza.

"Mm-mm."

"Nani, huyu?" dada alidakia. "Huyu alikuwa mtawa wa cherehani. Sisi tunatoka jasho, yeye anatunga uzi."

Ndivyo fundi mwenyewe alivyowaambia binti zake kila walipoomba ruhusa ya kutoka: mimi ukumbini sikukanyaga. Heshima ya nyumba ilisimama juu ya neno hilo.

Mzee akajiweka sawa kitini, na fundi akajua kinachokuja.

"Lakini usiku wenyewe hasa ni ule wa gauni la njano. Askari anagonga, mimi nipo ukutani kama koti lililotundikwa. Mara shemeji huyu, kavaa njano, akanishika mkono bila kuombwa. Tukacheza chuma. Kiatu kikamchomoka njiani, akapita chini ya kizuizi anachechemea."

"Siku hizo, jamani," dada alisema, akaunyoosha mguu kana kwamba kiatu bado kinatafutwa.

Hadithi hii fundi aliisikia katika kila sherehe. Gauni la njano alilishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki, akalivaa Jumamosi moja tu, dada alipolala na homa. Kiatu kilikuwa chake. Ndio usiku pekee aliokuwa nao, na dada alikuwa akiuvaa kama gauni la kuazima.

Alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Dada, wewe uliwahi kuvaa njano?"

"Nilikuwa na magauni mengi, mdogo wangu. Nitayakumbuka yote?"

"Mimi niliyashona yote. Hilo halikuwa lako." Akamgeukia mumewe. "Na wewe umesahau ulishikwa mkono na nani?"

Mzee alimtazama mjukuu, kisha mkewe. "Si uliniapisha pale kizuizini? Ulisema neno likitoka, nisikanyage kwenu. Na hadithi yenyewe tamu, siwezi kuiacha. Nikaitafutia mwenyewe mwingine."

"Na wewe dada ukapokea tu?"

"Hadithi nzuri hivyo, niikatae kwa nini?"

Mjukuu alishika mdomo. "Kwa hiyo ulienda, bibi."

Fundi alizifikiria zile hotuba zote mlangoni, na binti zake watakavyomcheka.

"Mara moja," alisema. "Geuka, pindo limepanda." Kisha akamwambia mumewe, "Haya, isimulie upya. Unitaje."

Mzee alianza tena. Alipofika kwenye kiatu, dada alijisahau akanyoosha mguu. Fundi alimkazia macho mpaka akaurudisha.