Kivuko Nilichokifuta Busisi

Madereva wetu wa samaki wanatumia akaunti moja ya ramani mtandaoni, imejaa alama za zamani, hata za mama ntilie waliohama. Juzi dereva mgeni, mimi nikiwa utingo wake, akaifuata kutoka Sengerema, akapaki Busisi, kwenye gati tupu.

“Ramani inasema tusubiri kivuko,” akaninyooshea simu.

“Kaka, hilo daraja unaona ni pambo?”

Barafu ilikuwa inachuruzika. Tukavuka darajani mbio, huku mimi nafuta alama za zamani kwenye simu yake, kivuko kikiwemo, nikabakiza alama zinazofaa tu.

Tukishusha samaki, bado wabichi kabisa, msomi wetu wa ofisini anayeitunza akaunti ile akapiga simu: “Nani kakuruhusu kufuta, wewe wa kidato cha pili?”

“Wewe wa chuo ulikuwa unangoja kivuko?”

Jana, mbele ya madereva wote, akanipa shikamoo ya utani. Mimi sitanii, wasomaji. Nikaitikia marahaba.