Pembe za Ng'ombe wa Mama

Mama yangu anapocheza ngoma ya kwao Masisi huinua mikono juu na kuikunja kidogo, na mikono hiyo ni pembe. Si za ng'ombe yeyote. Kwao kila mwanamke humcheza ng'ombe wake mwenyewe, na wa mama, wa rangi ya majivu, alikuwa na pembe ya kushoto iliyoinama. Basi mkono wake wa kushoto nao huinama. Ng'ombe akifa, mwenyewe huishusha mikono mbele ya watu na hamchezi tena. Tulipokimbilia Goma tulimwacha yule wa majivu mlimani. Hatukujua kama yu hai, na mama aliendelea kuinua mikono.

Akaja bwana mmoja wa sanaa, skafu shingoni jua la saa sita, kutengeneza onyesho kuhusu maendeleo. Debe tupu haliachi kuvuma. Maendeleo, kwa akili yake, yalikuwa kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda wa pili: kushoto wanawake wameinama na majembe, kulia wamenyooka, simu mkononi, wanachekacheka. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilijipendekeza kwake hadi kutia kinyaa, nikaandika kila upuuzi wake daftarini.

Alipomwona mama akicheza alimtaka palepale, ila zile pembe zilimkera. Ni mambo ya zamani, alisema. Mwishoni azishushe, watu waione kesho. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Niliona haya kujulikana kuwa binti wa wachunga ng'ombe, nikaenda kwa mama.

"Mama, ku mwisho ushushe mikono. Ni vile patron anataka."

Aliniangalia sana. "Nani alikuambia kama amekufa?"

Nikamwambia ni mchezo tu, watu wa mjini hawajui maana yake. Akauliza kama kazi yangu inategemea hilo. Nikasema ndiyo.

Siku ya onyesho mama alifika upande wa kulia akashusha mikono polepole, wa kushoto mwishoni. Wageni wakasimama kupiga makofi. Nyuma yao, kina mama wa Masisi tuliowatoa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ili kujaza viti walishika vichwa wakaanza kulia. Yule bwana akaninong'oneza kwamba sanaa yake imewagusa. Nilimdharau, na nikajidharau zaidi, maana yeye angalau hakujua.

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu. Mama alitunzwa pole: walimjia mmoja mmoja kumlilia ng'ombe wake, naye akazipokea, kwa kuwa alikwisha kumtangaza kuwa amekufa.

Juzi tulikuwa harusini Munigi. Jirani yetu wa zamani, aliyeshuka kutoka mlimani wiki hiyo, akamwambia mama kwamba amemwona yule wa majivu kwa macho yake, ananyonyesha ndama. Ngoma ikaanza, wakamwita mama.

"Mimi nilishamushusha," akasema, akabaki kwenye kiti, mikono mapajani.