Picha Tatu na Bomba Moja

Fundi saa alipenda kuunda roketi ndogo za mfano, zinazoruka kweli. Safari hii alikuwa na picha tatu za roketi za kweli na bomba moja tu la karatasi ngumu, akabaki njia panda aige ipi. Roketi ya mwezini ilikuwa na vipande chungu nzima. Kombora la vita lilikuwa rahisi, ila pichani halikuwa na mapezi ya mkiani, na bila hayo lingepinduka hewani.

"Na hii nyembamba?" mkewe akauliza.

"Hiyo ilipelekwa juu kupima upepo na baridi."

"Sasa mzee wangu, unangoja nini? Hata mimi nataka kujua huko juu kukoje."

Fundi akakata mapezi manne kama ya ile nyembamba. Jumapili roketi ilipanda wima mpaka shingo zikawauma. Iliposhuka na mwavuli wake, mkewe ndiye aliyetangulia kuikimbilia.