Bihogo wa Rwezamenyo

Gaudiose alikuwa na shamba la kabichi na mchicha bondeni, karibu na mto Nyabarongo, na nyumba juu kabisa ya mlima wa Rwezamenyo, pale ambapo njia ya gari inakoma na watu wanaanza kupanda kwa miguu. Kutoka shambani hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi sokoni Biryogo, mzigo wote ulipita kichwani mwake. Ndivyo ilivyokuwa tangu aolewe. Mwaka 1991 shingo ikaanza kukataa. Mtu akimwita kwa nyuma, ilimbidi ageuze mwili mzima ndipo amwone.

Kaka yake, Silvère, alikuwa dereva wa lori, akienda mara kwa mara mpaka Rusumo, mpakani. Safari moja alirudi na punda jike amesimama kati ya magunia ya mchele. Alimpata kwa wafugaji wa upande wa Tanzania. Akamwambia Gaudiose kwamba amechoka kumwona dada yake akigeuka kama mlango.

Mume wake, Nkusi, hakufurahi. Alikuwa fundi mwashi, mtu mpole, lakini marehemu baba yake alikuwa na ng'ombe, na Nkusi hakupenda watu wasahau jambo hilo. Sasa kwake kumeingia punda, mnyama ambaye jina lake watu hulitumia kumtukania mjinga. Gaudiose akazidisha mambo kwa kumwita Bihogo, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe mwekundu, kwa kuwa manyoya ya yule punda yalikuwa na wekundu kidogo mabegani.

"Hilo lilikuwa jina la ng'ombe wa baba yangu," Nkusi alisema.

"Ndiyo maana nimelipenda," Gaudiose akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Hakuna mtu mlimani pale aliyejua punda anapakiwaje. Gaudiose alimfunga magunia mgongoni kwa kamba, akakaza vizuri kama anavyokaza mtoto mgongoni. Bihogo akabeba. Kisha asubuhi moja, katikati ya kichochoro cha Biryogo, akasimama, akapiga magoti, akalala chini na mzigo wake. Kabichi zikabingirika mpaka kwenye mlango wa mshonaji mmoja, Mzee Maulidi, ambaye aliacha cherehani yake akatoka kutazama.

Maulidi alikulia Tabora, na nyumbani kwao punda walikuwapo. Alifungua kamba mwenyewe, akainua gunia, akamwonyesha Gaudiose kidonda kilichokuwa kimejichimba juu ya uti wa mgongo.

"Mama, huyu hakatai kazi," alisema kwa Kiswahili cha mtaani. "Iko na kidonda."

Akamweleza kwamba mzigo wa punda hukaa mbavuni, kushoto na kulia, wala haulali juu ya mfupa. Angemshonea shogi: mto mnene wa kutandika mgongoni, na mifuko miwili mikubwa ya kuning'inia pande zote. Ila asingeleta shogi mpaka kidonda kifunge. Gaudiose alikubali. Njiani kurudi alimwomba Bihogo msamaha, kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

Hapo ndipo kilipoanza kicheko kikubwa. Bihogo akiachwa nyumbani peke yake alilia mpaka majirani wakaja kulalamika, kwa hiyo ilibidi aende na Gaudiose kila mahali. Kila asubuhi watu wa Rwezamenyo walimwona Gaudiose akipita na kabichi kichwani, shingo imekaza, na nyuma yake punda mzima anatembea bila hata unyasi mgongoni. Wanawake wa sokoni walimuuliza ni nani kati yake na punda aliyenunuliwa. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwa nchi na askari wa vizuizi barabarani hawakuwa watu wa kucheka, lakini hata wao walicheka, wakampungia mkono apite. Nkusi alisimuliwa habari hizo kazini, juu ya ukuta aliokuwa anaujenga.

Binti yao, Joselyne, alimsihi mama yake amrudishe mnyama kwa mjomba.

"Kicheko hakina uzito," Gaudiose alimwambia. "Kabichi ndizo zenye uzito."

Kidonda kilifunga, manyoya yakaota, na Maulidi akaleta shogi mwenyewe, akamtandika Bihogo mbele ya watu wote wa kichochoro. Siku hiyo Gaudiose alipanda mlima kichwa kitupu. Muda si mrefu majirani waliokuwa wakicheka wakaja kuomba: huyu ana madumu ya maji, yule ana matofali, mwingine ana magunia ya viazi yamekwama kwenye njia ya gari. Nkusi peke yake ndiye aliyeendelea kumpita Bihogo kama hamwoni.

Mwaka uliofuata, familia ya kijana mmoja wa Remera, Aimable, ilileta habari kwamba inakuja kumwomba Joselyne awe mke wake. Asubuhi ya siku hiyo Nkusi alimwomba mkewe jambo moja tu: Bihogo afichwe nyuma ya ua wa jirani yao Mukamana, wakwe wasimwone. Gaudiose hakubishana.

Mvua ikanyesha. Wageni walipanda kwa miguu, mashuka waliyojifunga kwa sherehe yamelowa matope, lakini gari lililobeba pombe yao ya ndizi na kreti za bia lilikwama matopeni huko bondeni. Wazee wakakaa chini ya turubai, pande mbili zinatazamana, na katikati hakuna kitu. Bila pombe hakuna kuomba, na maneno yale hayaanzi koo likiwa kavu. Vijana waliotumwa walirudi na kreti moja, wakihema, mmoja ameanguka na kuvunja chupa. Mzee Ngabo, msemaji wa upande wa Aimable, alikuwa anatazama chini kwa aibu.

Nkusi aliinuka. Gaudiose alidhani anakwenda kusukuma gari. Badala yake alimwona akipita nyuma ya ua wa Mukamana, katika suti yake ya pekee, kisha akishuka mlima akimwongoza Bihogo, suruali imekunjwa mpaka magotini.

Safari ya kwanza ilipofika, madumu yakigongana mbavuni mwa punda, watu wote waligeuka kutazama. Ngabo ndiye aliyesema kwanza.

"Sisi tumekuja kuahidi ng'ombe wa mahari. Kumbe mwenzetu tayari unaye, tena mwenye masikio marefu."

"Anaitwa Bihogo," Nkusi alisema. "Ng'ombe wa baba yangu aliitwa hivyo. Lakini yule hakuwahi kuwabebea wageni pombe."

Turubai zima likacheka, na Ngabo akacheka kuliko wote. Joselyne aliombwa, akakubaliwa, na baada ya arusi akahamia Remera.

Tangu hapo Nkusi akawa anambebesha Bihogo matofali, na ndiye aliyemkata kwato zilipokuwa ndefu, baada ya kwenda kwa Maulidi kujifunza. Shingo ya Gaudiose ililegea taratibu. Mikono yake, iliyozoea kushika mzigo kichwani, ilikosa kazi njiani, basi akaanza kubeba ukindu na sindano. Alisuka vikapu akitembea nyuma ya punda, bila kutazama chini, akiwasalimia watu wa kila upande.